Kukimbia vilimani na njia za mashamba Pemba: mwongozo kamili kwa anayeanza

Wanaonijia kuuliza habari za kukimbia vilimani huja na malalamiko matatu, na miaka yote hayabadiliki. Pumzi imekatika kabla ya nusu ya kilima. Mapaja na magoti yanauma siku ya pili hata kuchutama ni kazi. Kifundo cha mguu kimeteguka kwenye mzizi. Na si watu wazembe hawa. Wengi ni wa vikundi vya mazoezi, wanakimbia kilomita 5 za lami asubuhi ya Jumapili na kurudi wakicheka. Wakiingia njia za mikarafuu, wiki ya pili wanakata tamaa na kurudi barabarani.

Nimefuatana na baadhi yao shambani nikawatazama. Kosa lao ni moja: wanaingia shamba na mwendo wa lami. Kwenye lami wewe ndiye unayepanga kasi na miguu inafuata. Kilimani, ardhi ndiyo inayopanga kasi. Lililo mikononi mwako ni kiasi cha nguvu unachotoa, nacho kinatakiwa kibaki sawa wakati wa kupanda, kushuka na kuvuka bonde. Ukilikubali hilo, kilichobaki ni ufundi wa miguu, na ufundi hujifunzwa.

Vilima vyetu si virefu. Kinachochosha ni wingi wake: unapanda, unashuka mpaka bonde la mpunga, unavuka, unapanda tena, na hujapata mita 100 za kukimbia sawasawa. Mwongozo huu nimeuandika kwa ardhi hiyo. Walioko Unguja watautumia vilevile upande wa msitu wa Masingini, na wanaokaa kwenye maweni, ardhi ya mawe ya matumbawe, nimewawekea maelezo yao huko chini.

Vitu vya kuwa navyo kabla ya kuanza

*Raba.* Hapa ndipo pa kutumia pesa na subira. Za mtumba zinafaa kabisa ukijua kuzikagua. Zigeuze uangalie meno ya soli: yawe marefu kiasi cha kucha ya kidole kuzama kati yake. Soli iliyolika ikawa laini itakuangusha siku ya kwanza udongo mwekundu ukilowa. Kisha shika ncha na kisigino, ukunje. Raba nzima hukunjika pale vidole vinapokunjika. Ikikunjika katikati, imeshakufa, iache hata ikiwa mpya kwa rangi.

Jaribu jioni, maana miguu huvimba kidogo mchana kutwa. Mbele ya kidole kirefu ibaki nafasi ya upana wa dole gumba. Sababu utaiona ukianza kushuka: mguu huteleza mbele ndani ya kiatu, na raba inayobana huacha kucha zikiwa nyeusi.

Usitumie njumu za mpira. Meno yake magumu hayashiki jiwe wala mzizi, na mguu unageuka. Raba za lami zenye soli nene na laini nazo zina hatari yake: kadiri unavyosimama juu zaidi ya ardhi, ndivyo kifundo kinavyopinduka kwa urahisi. Na wale wanaosema tumekulia pekupeku, ni kweli, lakini njia za leo zina vigae vya chupa, na minyoo ya safura huingia mwilini kupitia ngozi ya unyayo. Vaa kiatu.

*Nguo.* Kitambaa chepesi kinachokauka haraka. Wanawake, suruali pana na mtandio ulioshonwa wa kuvaa kichwani, usiohitaji pini. Ukianguka, pini ni ya kwanza kukuchoma. Wanaume, pensi inayofunika magoti. Njia hizi hupita uani kwa watu na mbele ya misikiti, na tena nyasi na upupu hazina huruma kwa ngozi iliyo wazi.

*Vya mkononi.* Chupa ya nusu lita, tende nne au tano, simu ndani ya kifuko kisichopitisha maji, bandeji ya kuvutika, na nauli ya kurudia. Ukikimbia alfajiri, tochi ya kichwa. Tochi ya simu mkononi haifai, kwani inakunyang'anya mkono unaouhitaji kwa mizani.

*Mtu anayejua uliko.* Mwambie wa nyumbani njia unayopita na saa ya kurudi. Mabondeni mtandao wa simu hukatika.

Mwenye presha, kisukari, pumu au maumivu ya kifua, na aliyekaa miaka bila mazoezi, aonane kwanza na daktari. Kilima hupandisha mapigo ya moyo haraka kuliko lami, na hicho si kitu cha kujaribia mwenyewe.

Hatua ya 1: Chagua njia moja na uitembee

Tafuta njia ya kilomita 2 kwenda na kurudi, yenye kilima kimoja tu kinachopandika kwa hatua 200 au 300 za kawaida. Kiwe kilima unachoweza kukipanda kwa mguu huku unazungumza. Kinachokulazimisha kushika magoti kwa mikono ukitembea, kiache mpaka mwezi wa tatu wa mazoezi.

Itembee njia hiyo mara mbili, asubuhi na jioni, kabla ya kuikimbia. Siku ya mbio macho yana kazi nyingi, na mzizi unaoujua haukuangushi. Angalia hasa haya:

- Mizizi ya miembe na mikarafuu iliyovuka njia.
- Makumbi na vifuu chini ya minazi. Kumbi hubiringika chini ya mguu kama gurudumu.
- Ng'ombe wa kamba. Kamba hulala ndani ya nyasi huioni, na ng'ombe akisogea hatua moja inanyanyuka ikakushika muundi. Usiiruke kamwe. Zunguka upande wa kigingi.
- Karafuu zilizoanikwa. Msimu wa mavuno majamvi hutandikwa kando ya njia na barabarani. Hiyo ni riziki ya mtu, toka njiani wewe.

Na salamu. Punguza mwendo ukipita uani, toa salamu, mkubwa mwamkie. Mtu anayekimbia mikarafuuni kimya kimya wakati wa mavuno huwatia watu wasiwasi, na wana haki. Ukisalimia siku tatu, siku ya nne wenyeji ndio watakaokwambia kuwa daraja la bondeni limeoza.

Ukiweza kufumba macho nyumbani na kuipita njia nzima kichwani, jiwe kwa jiwe, hatua hii umeimaliza.

Hatua ya 2: Wiki mbili za kuandaa vifundo na mapaja

Hii ndiyo wanayoiruka wote, na ndiyo sababu ya vifundo kuteguka. Mguu uliozoea lami hutua vilevile kila hatua. Misuli midogo inayokishika kifundo haijawahi kuitwa kazini. Iamshe nyumbani, dakika 10 kila siku, huku unakimbia lami yako kama kawaida.

Simama kwa mguu mmoja, pekupeku, sekunde 30, kisha badilisha. Fanya ukisubiri chai ichemke. Ikiwa rahisi, fumba macho. Hapo utahisi kifundo kikicheza huku na huku kutafuta mizani, na mchezo huo ndio mazoezi yenyewe.

Simama kwenye kidato cha baraza kwa nusu ya mbele ya wayo, visigino vikiwa hewani. Nyanyuka, kisha shuka pole pole kwa hesabu ya tatu. Mara 15, mikupuo mitatu. Hii ni ya mashavu ya miguu, ambayo kilima huyala kwanza.

Mwisho, simama juu ya kidato kwa mguu mmoja, ushushe mwingine mpaka kisigino kiguse chini kidogo tu, urudi juu. Mara 10 kila mguu. Goti lielekee vidole, lisiingie ndani. Hakuna zoezi linalofanana na mteremko kuliko hili.

Baada ya wiki mbili, simama kwa mguu mmoja juu ya mchanga mlaini. Ukifika sekunde 45 bila kushusha mwingine, ingia shamba. Kama bado, ongeza wiki. Wiki moja ni nafuu kuliko wiki sita za kifundo kilichoteguka.

Hatua ya 3: Kupanda

Nilijifunza kupanda kwa mzee mmoja aliyekuwa ametoka kuchuma, kikapu cha karafuu mbichi kichwani, kandambili miguuni. Tulianza kilima pamoja. Mimi nilimpita mara moja, nikasimama nusu ya njia kutafuta pumzi, na yeye akapita bila kugeuka. Nikabaki kuitazama miguu yake. Kila hatua ilikuwa fupi, kisigino cha mbele hakikupita mbali ncha ya mguu wa nyuma. Mguu ulitua wote, polepole, na mdundo haukubadilika hata pale njia ilipozidi kuinuka. Palipozidi kuinuka, hatua ilifupika tu. Mdundo ulibaki ule ule mpaka juu.

Basi fanya hivi:

1. Kabla ya kufika chini ya kilima, punguza mwendo. Usikichukue kwa kasi ukidhani itakubeba; itakubeba hatua kumi, kisha utailipia deni njia nzima.
2. Fupisha hatua kufikia nusu ya ile ya lami. Hatua ndefu hukulazimisha kuunyanyua mwili wote kwa paja moja. Hatua fupi hugawa mzigo.
3. Inama mbele kidogo kuanzia vifundoni, mwili ukiwa umenyooka. Usijikunje kiunoni, maana tumbo likibanwa, pumzi haina pa kuingia.
4. Tumia mikono. Viwiko virudi nyuma kwa nguvu, viganja vimelegea. Ukivibana viganja, mabega nayo hukaza.
5. Tazama mita 4 au 5 mbele. Anayetazama kilele huvunjika moyo, na anayetazama raba zake hujikwaa.

Kipimo cha nguvu unazotoa kipo mdomoni mwako. Njia za Pemba haziishi watu, na kila mtu atakusalimia. Ukiweza kuitikia mpaka mwisho, *waalaykumu ssalaam warahmatullahi wabarakatuh*, kwa pumzi moja, upo sawa. Ukiishia katikati, umezidisha, fupisha hatua. Ukishindwa hata kuanza, tembea.

Kutembea kilimani ni sehemu ya mchezo huu, na naomba hili liaminiwe, kwa sababu ndilo linalowashinda vijana. Wakimbiaji wa milima mikubwa duniani hutembea kwenye miinuko mikali. Mwili unafika pahala kukimbia kunakula nguvu nyingi na kukuongezea kasi kidogo sana. Tembea kwa hatua za haraka, sukuma mapaja kwa viganja ukitaka, na anza kukimbia tena kabla hujafika juu kabisa ili ukivuke kilele ukiwa kwenye mdundo.

Onyo: kizunguzungu, kubanwa kifua, maumivu yanayoelekea mkono au taya, simama hapo hapo. Usimalize kilima.

Utajua umefuzu ukifika juu na kuendelea kukimbia mara moja, bila kusimama na kushika kiuno.

Hatua ya 4: Kushuka

Kupanda kunachosha. Kinachoumiza ni kushuka, na nitakaa hapa kidogo.

Ukishuka, misuli ya mbele ya paja inafanya kazi ya breki. Inajaribu kukaza wakati huo huo uzito wa mwili unaivuta irefuke. Kazi ya namna hiyo huipasua misuli pasuko ndogondogo usizozisikia siku ile. Maumivu huja kesho yake, na mara nyingi hukua zaidi siku ya pili au ya tatu, kisha huondoka. Si ugonjwa. Na mwili una ukarimu wake: misuli iliyopitia mteremko mmoja kwa kiasi hujijenga, na mteremko wa pili hauumizi kama wa kwanza, hata zikiwa zimepita wiki kadhaa. Kwa hiyo anza na kidogo na urudie. Anayeshuka mara tano siku ya kwanza hataweza kurudi wiki nzima, na hapo ndipo wengi wanapoachia.

Sasa, namna ya kushuka.

Woga humfanya mtu ajirudishe nyuma na kunyoosha mguu mbele atue kwa kisigino. Inaonekana salama, ndiyo hatari yenyewe. Mguu ulionyooka hupeleka kishindo chote gotini na kiunoni, na kisigino kwenye udongo wenye unyevu hakina cha kushika. Kinateleza, ukae chini. Fanya kinyume chake:

1. Chagua sehemu ya kwanza isiyo kali, mita 30 tu. Simama juu, pumua, itazame mpaka chini.
2. Kunja magoti kidogo kabla ya kuanza, na yabaki yamekunjika. Goti lililokunjika ni springi.
3. Hatua fupi na nyingi, fupi kuliko unavyodhani. Mguu utue chini ya kiuno, si mbele yake.
4. Mwili uelekee mbele kiasi, ufuate mlalo wa ardhi. Hili linatisha wiki ya kwanza. Anza na mteremko mdogo mpaka mwili uamini.
5. Fungua mikono pembeni kama anayevuka gogo. Usione haya, ndiyo mizani yako.
6. Ukizidiwa na kasi, usikanyage breki ghafla. Ongeza hatua ziwe fupi zaidi, au kata njia kwa upande, kushoto na kulia, mpaka kasi ife yenyewe.

Halafu sikiliza. Mguu unaoshuka vibaya unapiga *pu, pu, pu*, kila hatua kishindo. Unaoshuka vizuri unakwaruza tu majani makavu. Mwenzako asimame chini ya mteremko akugeuzie mgongo, akwambie anachosikia. Masikio yake yatakueleza mambo ambayo saa ya mkononi haiyajui.

Onyo: usishuke mbio njia usiyoijua, usishuke mvua ikinyesha, na usiikimbilie baiskeli inayopanda. Mwenye mzigo ana haki ya njia, wewe ndiye wa kupisha.

Umefuzu ukiweza kusimama ndani ya hatua nne au tano popote kwenye mteremko. Asiyeweza kusimama haongozi mwendo, anachukuliwa nao.

Hatua ya 5: Kuisoma ardhi

*Udongo mwekundu.* Mkavu ni rafiki, unashika vizuri. Ukinyeshewa unateleza kama sabuni. Baada ya mvua kanyaga penye nyasi za pembeni au majani, na utue kwa wayo wote. Masika, kati ya Machi na Mei, yapo materemko ya kukimbiwa na yapo ya kutembewa tu, na hakuna ubishi.

*Mizizi.* Usikanyage juu ya mzizi, hasa uliolala mshazari wa njia. Kanyaga kabla yake au baada yake. Mzizi wenye unyevu hauna msuguano kabisa. Nyanyua goti juu kidogo kuliko ulivyozoea, maana wanaojikwaa wengi wamekuwa wakiburura miguu kwa uchovu.

*Mchanga.* Barabara za minazini na ufukweni humeza nguvu. Fupisha hatua, tua kwa wayo mzima, usisukume kwa vidole. Ufukweni fuata mchanga uliobanwa na maji yaliyokupwa, na uende na kurudi njia moja: ufuo umelala upande, na mguu mmoja ukibaki chini muda wote, kiuno kitasema.

*Maweni.* Walioko mashariki na kusini mwa Unguja, na visiwani, hii ndiyo ardhi yenu. Jiwe la matumbawe lina ncha kama msumeno, na mashimo yamefichwa na majani. Hapa kuanguka ni kuchanika. Mwezi wa kwanza tembeeni tu kwenye maweni na kimbieni kwenye njia za gari. Mkianza, macho yasiende mbali zaidi ya mita 2 au 3, na mkitaka kutazama mandhari, simameni kwanza.

*Bonde na maji.* Kwenye mabonde ya mpunga pita juu ya tuta, kwa kutembea, usije ukaubomoa ukingo wa mtu. Daraja la gogo la mnazi livuke kwa kutembea, mguu mmoja baada ya mwingine, hata kama jana ulilikimbia.

Na maji yenyewe yaogope. Kichocho kipo Pemba na Unguja. Vijidudu vyake hutoka kwenye konokono wa maji baridi na kupenya ngozi ndani ya dakika chache, huhitaji kuyanywa. Usiingie kijitoni kwa ajili ya kujipoza, wala usinawe miguu yenye matope humo. Maji ya bahari hayana shida hiyo. Ikiwa ulivuka huko nyuma na sasa unaona damu kwenye mkojo, nenda kituo cha afya. Dawa ipo na inatibu.

*Nyoka.* Kishindo cha miguu huwakimbiza wengi. Usiingize mkono kwenye rundo la makuti wala kukaa juu yake. Akikuuma, usikate, usinyonye, usifunge kamba. Tulia, mguu usitikisike, ubebwe hospitali.

Hatua ya 6: Ratiba ya wiki nane

Siku tatu kwa wiki, na kati yake angalau siku moja ya kupumzika. Mfano Jumanne, Alhamisi, Jumapili. Siku moja kati ya hizo ibaki ya lami au ya tambarare.

- Wiki ya 1 na 2: njia yako ya kilomita 2, panda kwa kutembea, kimbia tambarare, shuka kwa kutembea.
- Wiki ya 3 na 4: panda kwa kuchanganya, hatua 50 mbio na hatua 50 kutembea. Shuka mbio mita 30 za mwisho tu.
- Wiki ya 5: punguza. Siku mbili, njia fupi. Mwili hujengeka ukiwa umepumzika, na anayeiruka wiki hii ndiye ninayemwona na bandeji wiki ya 7.
- Wiki ya 6 na 7: rudia kilima mara mbili, kisha mara tatu. Shuka nusu ya mteremko mbio.
- Wiki ya 8: njia ya kilomita 4 yenye vilima viwili.

Usihesabu kasi kwa kilomita. Kilomita ya Pemba yenye mabonde mawili haina undugu na kilomita ya barabara kuu. Hesabu dakika ulizokuwa kwenye mwendo, na uandike: leo dakika 25, salamu niliitikia mpaka mwisho mara ngapi, goti lilisemaje.

Ukiruka wiki kwa ugonjwa, safari au msiba, rudi wiki moja nyuma ya pale ulipoachia.

Saa, joto na Ramadhani

Muda mzuri ni baada ya swala ya Alfajiri, pakishapambazuka, mpaka saa 1:30 asubuhi. Jioni ni baada ya Alasiri, na urudi kabla ya Magharibi. Ukipewa hiari ya mwezi wa kuanzia, anza Juni, kipupwe kimeingia na masika yameisha. Kuanza Januari au Februari, kwenye joto la kaskazi, ni kujipa kazi mbili kwa pamoja.

Chini ya mikarafuu kuna kivuli lakini upepo hakuna, na jasho halikauki. Jasho lisilokauka halipoozi mwili. Kwa mbio za zaidi ya saa moja, maji matupu hayatoshi. Changanya lita 1 ya maji safi, vijiko 6 vya chai vya sukari na nusu kijiko cha chai cha chumvi, vijiko vya kufutwa juu. Usizidishe chumvi. Dafu ni zuri ukirudi.

Mwenzako akianza kuyumba, kusema yasiyoeleweka au kutapika kwa joto, hilo ni jambo la dharura. Kivulini, legeza nguo, mmwagie maji mwili mzima, mpepeeni, na apelekwe hospitali huku mnaendelea kumpooza. Aliyepotewa na fahamu asinyweshwe kitu.

Mwezi wa Ramadhani usipandishe kiwango, kilinde tu. Wapo wanaokimbia dakika 20 karibu na Magharibi, na wapo wanaosubiri baada ya tarawehe. Mimi napendelea kutembea vilima kabla ya kufuturu na kuacha mbio kabisa mpaka Mfunguo Mosi.

Ukiumia

Kifundo kikiteguka, usijaribu kukikimbiza kipoe. Kaa, funga bandeji kuanzia vidoleni kupanda juu, isibane hadi vidole vipoteze rangi. Nyumbani inua mguu juu ya mto, weka barafu iliyofungwa kitambaani dakika 15 au 20, mara kadhaa siku hiyo. Usichuliwe wala usikandwe kwa maji ya moto siku mbili za mwanzo, hata kama bibi anasisitiza kwa mapenzi, uvimbe utaongezeka.

Kama huwezi kukanyaga hatua nne, au mfupa wa pembeni wa kifundo unauma ukibonyezwa, hiyo inaweza kuwa imevunjika. Nenda ukapigwe picha hospitali ya Chake Chake, Wete au ya Abdalla Mzee, Mkoani, iliyo karibu nawe.

Maumivu ya misuli pande zote mbili yanayoisha siku ya nne ni kawaida. Maumivu ya sehemu moja, yanayokua kila siku au kukuamsha usiku, si ya kukimbiwa.

Baada ya wiki ya nane

Rudi kwenye njia yako ya kwanza. Mwenzako asimame chini ya mteremko akiwa amekupa mgongo, nawe ushuke kwa mwendo wako wote unaoumudu. Mtolee salamu ukiwa bado mita kumi. Akishtuka kwa sauti yako kwa kuwa hakusikia miguu, na wewe ukamalizia salamu bila kukatika, njia ndefu zimefunguka. Ya kwanza kuitazamia ni ile ya kaskazini mwa Pemba, kutoka Konde kuelekea msitu wa Ngezi na rasi ya Kigomasha: vumbi, mizizi, kivuli kizito cha msitu, kisha mchanga wa ufuo wa Vumawimbi. Ngezi ni msitu wa hifadhi, hivyo simama langoni ujiandikishe, uulize njia zipi zimeruhusiwa siku hiyo, na uipite mara ya kwanza kwa kutembea.